MTOTO WA JICHO NA LENZI MPYA: ULIZA KABLA YA OPERESHENI

Shabaha ya somo

Ukimaliza somo hili utaweza:
1. Kueleza mtoto wa jicho ni ugonjwa gani.
2. Kutofautisha aina mbili za lenzi zinazowekwa katika jicho.
3. Kueleza kwa nini mgonjwa mmoja huridhika na mwingine hunung'unika.
4. Kutaja maswali ya kumwuliza mganga kabla ya operesheni.

Ndugu mwanakisomo,

Umejifunza kusoma kwa jasho. Ulitoka shambani umechoka, ukaja darasani, ukashika kalamu. Leo unasoma mwenyewe mizani ya pamba. Unasoma barua ya mwanao bila kumwomba jirani. Hakuna anayeweza kukudanganya kwa karatasi.

Lakini herufi hizo zinaingia kwa mlango mmoja tu, nao ni jicho. Mlango huo ukifungwa, kisomo chako kinabaki nje. Kwa hiyo somo la leo ni la macho. Linamhusu mzee, na linamhusu kijana mwenye mzee nyumbani.

1. Mtoto wa jicho ni nini?

Mtazame mwenzako machoni. Katikati ya jicho utaona duara jeusi. Hiyo ni mboni. Mboni ni kama dirisha. Mwanga hupitia hapo kuingia ndani.

Nyuma ya mboni kuna kitu kidogo kilicho safi kama maji ya kisima. Kitu hicho ni lenzi. Kazi yake ni kukusanya mwanga ili tuone vizuri.

Mtu anapozeeka, lenzi yake huanza kuchafuka ndani kwa ndani. Huwa kama kioo cha dirisha kilichopigwa na ukungu. Mgonjwa huona mambo kama kupitia moshi au wavu. Baadaye mboni yenyewe huonekana ya kijivu au nyeupe. Huo ndio mtoto wa jicho.

Mtoto wa jicho hauumi. Huja polepole, mwaka hata mwaka. Ndiyo maana wengi hudhani ni uzee tu. Lakini katika dunia nzima hakuna ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko huu. Uzee ndio sababu kubwa. Zipo na nyingine: kupigwa jichoni, ugonjwa wa kisukari, na kuvuta sigara. Hata mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nao. Ukiona weupe katika mboni ya mtoto, mpeleke hospitali upesi bila kungoja.

2. Si uchawi, si laana

Tuseme wazi jambo hili. Katika sehemu zetu za Shinyanga, Mwanza na Geita, bibi wengi wameteswa na wengine wameuawa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba macho yao ni mekundu, basi ni wachawi. Hilo ni doa katika historia yetu.

Macho ya bibi hao yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Mama anayepika miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi au kwa mavi ya ng'ombe, atakuwaje na macho meupe? Mtoto wa jicho nao si uchawi. Ni lenzi iliyochakaa, kama jembe linavyochakaa.

Tena tuwe waangalifu na dawa za kutia machoni. Maji ya majani, unga wa mizizi na maziwa haviwezi kusafisha lenzi, kwa sababu lenzi iko ndani ya jicho. Vinaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho na kuleta kidonda. Hapo mgonjwa aliyekuja na ugonjwa unaotibika ataondoka na upofu wa daima.

3. Dawa yake ni operesheni

Hakuna kidonge wala matone yanayoondoa mtoto wa jicho. Dawa yake ni operesheni. Daktari hutia ganzi, hufungua njia ndogo katika jicho, huitoa lenzi iliyochafuka, na huweka lenzi mpya ya plastiki mahali pake. Jicho halitolewi nje. Huo ni uvumi tu. Kwa kawaida kazi hiyo haifiki saa moja, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ile ile au siku ya pili.

Lenzi mpya ni ndogo sana. Sehemu yake ya kuonea ina upana wa milimita 6 hivi, karibu sawa na punje ya dengu. Haivuliwi wala haioshwi. Hukaa humo maisha yote.

Kabla ya kuiweka, jicho hupimwa. Kila jicho lina urefu wake, na kila lenzi ina namba yake. Kama vile kiatu cha jirani kisivyokutosha, lenzi ya jirani haikufai.

4. Lenzi ya plastiki ilipatikanaje?

Zamani wagonjwa walitolewa lenzi mbovu bila kuwekewa nyingine. Walipewa miwani mizito kama kitako cha chupa. Vitu vilionekana vikubwa kuliko vilivyo. Miwani ikivunjika, mtu alirudi gizani.

Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa Uingereza waliumia macho kwa vipande vya plastiki kutoka madirisha ya ndege zao. Daktari mmoja wa London, Harold Ridley, aliona ajabu. Vipande vile vilikaa ndani ya jicho bila kuleta uvimbe mkubwa. Akafikiri: kama jicho linavumilia plastiki hii, kwa nini tusitengeneze lenzi kwayo? Mwaka 1949 aliweka lenzi ya kwanza katika hospitali ya St Thomas'. Madaktari wengi wakubwa walimpinga kwa miaka mingi. Baadaye walimkubali.

Kwa muda mrefu lenzi zilikuwa ghali, na maskini hawakuzipata. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab katika mji wa Madurai, India, kilianza kuzitengeneza kwa bei nafuu. Mwaka 1994 kiwanda kingine kilifunguliwa Asmara, Eritrea, kwa msaada wa shirika la Fred Hollows. Bei ilishuka sana. Ndipo lenzi zikaweza kufika hata kwa mkulima wa Afrika.

5. Jaribio: karibu na mbali

Sasa fanya jaribio hili. Shika kitabu hiki mbele ya macho yako. Fumba jicho moja. Tazama mti ulio mbali, juu ya ukingo wa kitabu. Mti unaonekana vizuri, lakini herufi zimefifia. Sasa tazama herufi. Herufi zimekuwa safi, lakini mti umefifia.

Umejifunza nini? Hata jicho zima haliwezi kuona karibu na mbali kwa wakati mmoja. Lenzi ya kijana ni laini. Hujivimbisha atazamapo karibu, na hujinyosha atazamapo mbali. Mtu akifika miaka arobaini hivi, lenzi huwa ngumu. Ndiyo maana mtu mzima husogeza karatasi mbali ndipo asome.

Lenzi ya kawaida ya plastiki haijivimbishi kabisa. Hapo ndipo swali letu la leo linapoanza.

6. Lenzi za aina mbili

Aina ya kwanza ni lenzi ya umbali mmoja. Hii ndiyo inayotumika katika hospitali nyingi za umma. Mara nyingi huwekwa kwa kuonea mbali. Mgonjwa huona njia, ng'ombe, mlima na uso wa mtu mlangoni. Lakini herufi za kitabu humtaka avae miwani ya kusomea.

Aina ya pili ni lenzi ya karibu na mbali. Hii hugawa mwanga mafungu mafungu. Fungu moja ni la kuonea mbali, jingine ni la karibu. Ubongo hujifunza kuchagua. Wengi waliowekewa lenzi hii hawahitaji miwani sana, na wengine huiacha kabisa.

Lakini ukigawa ugali kwa watu wawili, kila mmoja hupata pungufu. Ndivyo ilivyo kwa mwanga. Madaktari waliolinganisha lenzi hizi mbili waliona mambo mawili. Kwanza, wenye lenzi ya karibu na mbali walisoma vizuri zaidi bila miwani. Pili, wengi zaidi kati yao walilalamika kwamba usiku waliona duara la mwanga kuzunguka taa, kama mwezi unavyozungukwa na duara. Wengine walisema vitu havikuwa wazi vizuri kwenye mwanga hafifu. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya miezi kadhaa, ubongo ukizoea. Wachache hawazoei kabisa, na mara moja moja daktari hulazimika kuitoa lenzi na kuweka nyingine.

Lenzi ya karibu na mbali ni ghali zaidi. Hutaka vipimo vya uangalifu mkubwa. Tena haimfai kila mtu. Mwenye presha ya jicho, au aliyeharibiwa na kisukari sehemu ya nyuma ya jicho, mara nyingi hushauriwa asiitumie.

Ipo pia njia ya tatu. Daktari huweka lenzi ya umbali mmoja katika macho yote mawili, lakini jicho moja hupewa namba ya mbali na jingine namba ya karibu. Wengine huizoea vizuri. Wengine huwasumbua.

7. Nani anaridhika?

Ungefikiri mwenye lenzi ghali ndiye anayeridhika kuliko wote. Sivyo. Walioulizwa baada ya operesheni, wengi waliridhika, wa lenzi hii na wa lenzi ile. Kuridhika hakutoki katika bei peke yake. Hutoka katika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni pale ulipotoka. Aliyekuwa akiongozwa kwa fimbo, akiona uso wa mjukuu wake atashukuru, hata kama hasomi bila miwani. Aliyekuwa akiona kiasi ataona kila kasoro.

Jambo la pili ni kazi yako. Jicho la mshonaji halina haja sawa na jicho la mchungaji.

Jambo la tatu ni ulichoambiwa. Mtu aliyeambiwa mapema, "Utahitaji miwani ya kusomea," hununua miwani na kuendelea na kazi. Mtu asiyeambiwa hudhani operesheni imeharibika. Hukaa nyumbani na huzuni. Mbaya zaidi, huwaambia majirani, "Msiende, wataharibu macho yenu." Kwa neno lake mzee mwingine hubaki kipofu.

Fikiri juu ya mwanakisomo mzee. Amesoma miaka miwili. Amepata mtoto wa jicho, akapasuliwa, akaona milima tena. Anarudi darasani, anafungua kitabu, haoni herufi hata moja. Anakata tamaa na kuacha kisomo. Kumbe alichokosa ni miwani ya kusomea ambayo bei yake ni ndogo. Tusikubali jambo hilo litokee katika darasa letu.

8. Watu wanne wa wilaya yetu

Tuwafikirie watu wanne wa wilaya ya Chato. Si watu fulani, ni mfano tu.

Wa kwanza ni bibi mkulima wa Buseresere. Hulima mihogo na mahindi, hufuga kuku. Anataka kuona njia ya kwenda kisimani na kutambua watu. Lenzi ya umbali mmoja inamtosha. Kwa kuchambua mchele na kusoma, atavaa miwani. Hana haja ya kuuza ng'ombe kwa lenzi ghali.

Wa pili ni fundi cherehani wa sokoni. Anatunga uzi katika sindano kutwa. Kwake kazi ni ya karibu. Amweleze daktari kazi yake. Pengine ataambiwa avae miwani kazini. Pengine lenzi yake itawekwa kwa kuonea karibu. Pengine, kama ana uwezo na macho yake yanafaa, atazungumza juu ya lenzi ya karibu na mbali.

Wa tatu ni dereva wa lori anayepita usiku katika barabara ya Geita na Biharamulo. Magari yanamjia na taa kali. Duara la mwanga kuzunguka taa linaweza kumletea hatari. Kwa kawaida mtu wa namna hii hushauriwa achukue lenzi ya umbali mmoja.

Wa nne ni mvuvi wa dagaa wa Muganza. Huvua usiku kwa taa juu ya maji meusi ya Ziwa Viktoria. Naye aseme wazi kwamba kazi yake ni ya usiku. Asiponena, daktari atajuaje?

Unaona basi. Tumetaja watu wanne, na haja zao ni tofauti. Daktari analijua jicho. Wewe unayajua maisha yako. Ninyi wawili mkizungumza, uchaguzi huwa mwema.

9. Maswali ya kumwuliza mganga

Kuuliza si ujinga. Andika maswali haya katika daftari lako na uende nayo:

1. Je, ugonjwa wangu ni mtoto wa jicho tu, au kuna ugonjwa mwingine katika jicho?
2. Mtaniwekea lenzi ya aina gani? Ni ya mbali au ya karibu?
3. Baada ya operesheni nitahitaji miwani kwa kazi gani?
4. Nafanya kazi hii, mchana au usiku. Lenzi hiyo inanifaa?
5. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa na miwani?
6. Jicho la pili litafanyiwa lini?
7. Nirudi siku gani kupimwa?

Ukiambiwa lenzi ghali itakufanya uone kama kijana wa miaka ishirini, kuwa mwangalifu. Hakuna lenzi ya plastiki inayorudisha ujana.

10. Safari ya hospitali

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Mganga atakutazama na kukuelekeza. Uliza kliniki ya macho iko wapi, ni siku gani, na kama kuna kambi ya macho inayokuja karibu. Uliza pia utaratibu wa bima na wa matibabu ya wazee wasiojiweza.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi kuliko zamani. Hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971. Kwa miaka mingi mgonjwa wa huku aliyekwenda Bugando kwa njia ya Geita alingoja kivuko cha Busisi. Tangu mwaka 2025 kuna daraja kutoka Kigongo hadi Busisi. Na katika wilaya yetu wenyewe, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato ilianza kutoa huduma mwaka 2021.

Lakini barabara peke yake haitoshi. Mara nyingi mzee hawezi kwenda kwa sababu hana wa kumsindikiza, au wana wake hawajakubaliana nani atatoa nauli. Mahali pengi wanawake hupata operesheni hii kwa uchache kuliko wanaume, ingawa nao wanapofuka. Mama hanyamazi kwa sababu haumwi. Hunyamaza kwa sababu hataki kuwalemea wanawe. Kaeni kikao cha jamaa. Mzee akiona tena, mtoto aliyekuwa akimwongoza kwa fimbo atarudi shuleni. Hiyo ni faida ya nyumba nzima.

11. Baada ya operesheni

Fanya haya:
- Tia matone ya dawa kama ulivyoagizwa, mpaka mwisho.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa dawa ya macho.
- Vaa kinga ya jicho unapolala, kama umepewa.
- Rudi hospitali siku uliyoambiwa.

Usifanye haya mpaka daktari akuruhusu:
- Usifikiche jicho.
- Usibebe ndoo, mzigo wa kuni wala gunia.
- Usilime, wala usikae kwenye moshi na vumbi.
- Usiingize maji ya kuoga jichoni.

Ukiona jicho linauma sana, linazidi kuwa jekundu, linatoa usaha, au uoni unapungua, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje asubuhi nyingine.

Pengine baada ya miezi au miaka ukungu hurudi. Si lenzi mpya iliyooza. Ni ngozi nyembamba iliyo nyuma yake ndiyo imefifia. Katika hospitali zenye mashine yake, ngozi hiyo hufunguliwa kwa mwanga maalumu, bila kisu.

Tukumbuke

Mtoto wa jicho unatibika. Dawa yake ni operesheni na lenzi mpya. Lenzi ya umbali mmoja pamoja na miwani ya kusomea inawatosha watu wengi sana. Lenzi ya karibu na mbali hupunguza haja ya miwani, lakini ni ghali, na inaweza kuleta duara la mwanga usiku. Uamuzi mzuri huanza kwa swali.

Maneno mapya

Lenzi: kitu safi ndani ya jicho kinachokusanya mwanga.
Mboni: duara jeusi katikati ya jicho.
Ganzi: dawa inayoondoa maumivu mahali panapopasuliwa.
Kuridhika: kuona kwamba ulichopata kinakutosha.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji chetu ni nani anayesema "ni uzee tu" kuhusu macho yake? Tutamsaidiaje?
2. Kwa nini mtu mwenye lenzi ya bei nafuu anaweza kuridhika kuliko mwenye lenzi ghali?
3. Wewe unafanya kazi gani? Jicho lako linahitaji zaidi karibu, mbali, au usiku?
4. Jirani anasema, "Nilipasuliwa, lakini sisomi tena." Utamjibu nini?
5. Tufanye nini ili pasiwe na bibi atakayeitwa mchawi kwa sababu ya macho yake?

Kazi ya nyumbani

Mwombe mzee mmoja asimame mlangoni mchana. Mwonyeshe vidole vyako kutoka hatua sita, jicho moja moja, jingine likiwa limefunikwa kwa kiganja. Kama hawezi kuvihesabu, andika katika daftari jina lake na jicho lililoshindwa. Kisha panga naye siku ya kwenda kituo cha afya. Andika tarehe hiyo.